Mkalimani

Kazi yangu ni maneno: nayapokea huku, nayatua kule.
Bi Kaarina katoka kwao kwenye theluji
na Biblia, na kalamu za rangi,
na Kiswahili cha miezi mitatu.
"Mwambie achore nyumbani."
Namwambia kwa Kiha.

Mtoto hachori nyumba.
Anachora mashati mawili kwenye kamba,
moja jekundu, moja halina rangi,
kisha anaikalia mikono yake.

"Muulize, la pili ni la nani?"

Jina lake Butoyi.
Kasulu nzima nani asiyejua?
Hakuna Butoyi pasipo Bukuru:
Kurwa hutangulia, Doto hufuata.
Na huyu kavuka mpaka akifuata hewa.

Hapo ulimi wangu ukagoma.
Mimi niliyetafsiri mahubiri,
maelezo ya polisi, hata matusi ya sokoni,
sikuuliza.

Bi Kaarina akanitazama, akalitazama shati.
Hakufungua kitabu. Hakuomba kwa sauti.
Alivua viatu, akaketi sakafuni,
nyayo zake zikashika vumbi letu jekundu.

Tukakaa. Mvua ikaja juu ya bati,
ikapiga hata tusisikiane, kama kwamba tulikuwa tunasema.
Ikapita.
Akina mama wa kwaya wakaleta maharage.

Alasiri, bila kuambiwa,
Butoyi akaitwaa ile kalamu nyekundu
akaligusa lile shati tupu:
kola tu.
Basi.

Kisha akaisukuma kalamu sakafuni,
ikabingirika, ikasimama gotini pangu.

Sijui nani alimwambia.