Ishirini

Fungua rejista ya mwaka ule, yenye jalada la buluu
lililotafunwa na mchwa pembeni.
Safu ya nne: pumzi kwa dakika.
Mpanda mpunga wa Kigwe, ishirini.
Mtoto aliyeungua uji, ishirini.
Mzee aliyeletwa kwa mkokoteni,
akihema hadi mkokoteni unatikisika,
ishirini.
Bahi nzima ilivuta pumzi kwa pamoja
kama kwaya ya mwalimu mkali.

Hakuna aliyehesabu.
Mwandiko ni wangu.

Perisi Chilongani alikuja siku ya sita tangu ajifungue,
kwa miguu, upepo wa Julai ukimsukuma ubavuni.
Mkwewe, bibi Nyemo, alibeba kichanga
na maneno mawili:
"Huyu siye."
Siye vipi, bibi?
"Siye. Tangu alfajiri namwambia mbukwenyi, haitiki.
Sisi hatuachi salamu ianguke chini."
Nikatabasamu. Nikaweka kipimajoto kwapani:
thelathini na tano na nusu.
Hana homa, nikasema, kama mtu anayetoa zawadi.
Malaria hakuna. Panadoli. Kaeni pale kwenye benchi.
Nikaandika ishirini.

Sikujua.
Hapana, nilijua. Niliulizwa kwenye mtihani, nikapata vema:
kwamba damu ikichafuka mwili waweza kupoa
kama jiko lililokwisha kula kuni zake,
na anayeshika majivu akasema, hapa hapajawaka kitu.

Saa tisa treni ya mizigo ilipita.
Madirisha yakalia, benchi zima likageuza shingo.
Yeye hakugeuka.
Kucha zake zilikuwa na rangi ya zabibu.

Nilinunua saa Soko la Majengo, ya bei rahisi,
ila mshale wa sekunde unatembea.
Dakika nzima kwa kila mtu.
Wenzangu waliniita Dada Dakika;
foleni ikanung'unika; mume mmoja akauliza
kwa nini namkodolea mkewe kifua.
Nahesabu, nikamwambia. Nyamaza, umenipoteza kumi na nane.

Halafu Mdachi, mchunga ng'ombe, mwiba mguuni.
"Mwiba tu," alisema, "wa juzi."
Akauliza kama ng'ombe wamenyweshwa.
Nikabonyeza ukucha, weupe ukakawia kuondoka.
Akauliza kama ng'ombe wamenyweshwa.
Thelathini na nne.
Presha themanini, chini yake sikusikia vizuri.
Akauliza tena kuhusu ng'ombe,
na mimi sikusubiri daktari atoke kikaoni,
sikusubiri shemeji akatafute hela ya kadi.
Dripu ikaingia, seftriaksoni ikaingia,
dereva akiwa bado anabishana kuhusu mafuta.
Niliandika saa ya sindano kwenye plasta,
nikaibandika mkononi mwake
ili huko Dodoma wasianze upya kuulizana.

Alirudi baada ya wiki tano, vidole viwili pungufu,
amekasirika.
Mngenipa dawa za kunywa, alisema, vidole ningekuwa navyo.
Nikamwacha anilaumu.
Alinilaumu kwa sauti nzuri, yenye nguvu,
akipumua mara kumi na sita.

Jana ilikuwa siku ya kupima uzito.
Bibi Nyemo alimleta mjukuu, sasa anasimama kwa kushika ukuta.
"Mbukwenyi."
Mbukwenyi, bibi.
Nikaweka saa karibu na kifua cha mtoto,
naye akaitaka saa, akaivuta, nikaanza upya.
"Ngapi?"
Thelathini na moja. Kwa umri wake ni sawa.
Akafunga kanga taratibu, fundo la kwanza, la pili.
"Na mama yake," aliuliza, "ulimwandikia ngapi?"

Rejista ya buluu ipo kabatini, ufunguo ninao mimi.
Nyuma yake foleni ilikuwa inafika mlangoni.
Nikamwambia.