Kubana Matumizi

Mkunga wa zamu alipima tumbo kwa utepe,
akapima tena, akauviringisha, akaja kunigongea.
Wiki thelathini na moja; utepe unasema ishirini na saba.
Mbone Lugalia, mshonaji wa sare za shule pale Majengo,
hakuhitaji kuelezwa sentimita.
"Labda nguo ndiyo imepwaya," alinitania,
akalala, akavumilia baridi ya jeli.

Mvua ya Mbale ilikuwa inapiga mabati.
Nikaizima sauti ya mashine, nikatazama tu.
Kwenye kitovu wimbi linapanda,
linashuka, linagusa mstari,
linakaa.
Halipaswi kukaa.
Hata moyo unapotua mzigo, damu ya mtoto
huendelea kutembea, polepole, lakini hutembea.
Hii inakoma. Inaanza. Inakoma.

Nikapanda kichwani kutafuta mshipa wa ubongo,
na huko, jamani, neema:
damu inamiminika bila kubisha hodi.
Mwanafunzi wangu akatabasamu. Mimi sikuweza.
Panapopendeza ndipo panaponitisha.

"Anaumwa?"
Nilitafuta neno.
"Anabana matumizi," nikasema.
Kinachovuka kondo ni kidogo,
basi moyo wake, usiozidi pera bichi,
umeketi kama mwenye nyumba mwezi wa Mei,
ghala limekwisha, sufuria ni moja:
kichwa kipakuliwe kwanza,
wenyewe ulambe kidogo,
matumbo yangoje,
miguu ilale na njaa.
Figo nazo zimefungiwa mfereji,
ndiyo maana maji yamepungua humo alimo.

"Nani kamfundisha?"
Kisha, kabla sijajibu:
"Mwaka ule wa kiangazi niligawa hivyo hivyo.
Wadogo zangu sahani. Mimi mwiko."

Niliandika rufaa ya Kisumu kwa herufi kubwa.
Sindano ya mapafu: ya kwanza leo, ya pili kesho saa hizi.
Gari la wagonjwa lina mafuta; niliuliza mara mbili.
Akaomba picha. Mtoto alikuwa ametupa kisogo,
nikamchapishia lile wimbi.

Akalipeleka dirishani, akalikagua kwa jicho la kazi yake,
vilele, mabonde, vilele,
akabana kwa kucha pale mstari ulipokatika.
"Hapa," akasema. "Ni hapa pa kushika."