Hisa Nne, Paa Moja

Kimbiji, chumvi haibishi hodi.
Inaingia kwenye tundu la kitasa, inakaa,
mwezi wa pili ufunguo unazunguka bure
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Baba alinunua kiwanja kwa kiinua mgongo cha bandari,
akajenga vyumba viwili na baraza,
akafa bila kutuambia baraza ni la nani.
Sasa tuko wanne:
Nakijwa wa Mbezi, Senkondo wa Dodoma,
Elitumaini aliyeko Muscat, anayetuma sauti za dakika saba,
na mimi, ninayekaa karibu, Kibada,
kwa hiyo kila kinachovunjika ni changu.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakuwa na hisa.
Sisi ufa tuliuona Januari.
Februari tuliujadili.
Machi Senkondo akaomba picha ya karibu zaidi.
Aprili masika ikapita katikati ya mazungumzo
ikaenda kulala kwenye kitanda cha mama.

Fundi Shomvi alikuja na kamba, futi na kikohozi.
Akakwangua ukuta kwa ukucha, akalamba kidole.
"Aliyepiga lipu hii alichota mchanga hapo chini, ufukweni.
Huu ukuta utatoka jasho mpaka kiama."
Nikanyamaza. Aliyesimamia lipu ni Senkondo,
likizo ile, ili kuokoa nauli ya lori,
na bado anatudai laki na themanini za saruji.

Bati, geji ishirini na nane, alisema Shomvi.
Nakijwa: makuti, yana hadhi.
Senkondo: vigae.
Elitumaini, kutoka Muscat, dakika saba,
ambamo sita ni feni:
tuuze.

Nikapanda pantoni kwenda mjini kutafuta bima.
Bi Editruda wa ghorofa ya tatu
ana kalamu tatu na subira ya mtu
asiyelala kwenye nyumba inayovuja.
"Jina la mmiliki?"
Fomu ina mstari mmoja.
Nikaanza kutupanga kwa herufi za siafu,
Elitumaini akafika ukingoni, akapinda,
akashuka pembeni kama tone.
"Kutoka ukutani hadi kwenye maji, mita ngapi?"
Maji yapi, nikauliza, ya bamvu au maji mafu?
Akatazama dirisha, ambalo halikuwa na bahari.
"Maji ya kawaida."
"Inakaliwa siku ngapi kwa mwaka?"
Krismasi, nne. Pasaka, mbili;
ya tatu tuligombania pampu, tukaondoka usiku.
Akaandika: tupu.

Nyumba tupu haina bima ya wizi.
Nyumba ya ufukweni haina bima ya mafuriko.
Makuti hayana bima ya moto,
na bati lenye kutu hukatwa kwanza umri wake.
"Sasa dada, mnalinda nini?"
"Tetemeko," akasema.
Akageuza ukurasa.
"Na ndege, ikiiangukia."

Swali la mwisho:
matumizi ya jengo. Makazi, biashara, ghala?
Kalamu ikasita.
Kila likizo tunaleta neno, tunaliweka humo,
tunafunga kufuli, chumvi inalihifadhi.
Nikatia tiki kwenye ghala.

Leo nimelala huku.
Shomvi ameliacha paa wazi upande wa jikoni,
anangoja robo ya Senkondo,
iliyo njiani tangu Jumanne.
Mvua imeanza, si kubwa,
ya kuulizia tu kama kuna mtu.
Nimetega ndoo ya bluu chini ya tundu
nikakaa gizani kuihesabu ikijaa.

Ndoo ni ya Nakijwa.
Ana risiti.