Sikio la Kushoto

Bibi Chizuru alikuja na simu imefungwa kwenye leso,
theluji ya Otaru bado iko mabegani,
akaiweka mezani kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.
"Mazishi ni keshokutwa," alisema. "Picha ni hii tu."

Kazi yangu ni kuwatoa wafu kwenye sherehe.
Nawatoa harusini, nawatoa vituoni mwa treni,
nawafuta glasi mkononi,
nawafunga tai ambazo hawakuwahi kuzinunua,
kisha nawaweka peke yao katika fremu nyeusi,
tano kwa sita:
umbo la kifua, uso, na hewa kidogo juu ya nywele.

Nikaifungua picha.
Tisa kwa kumi na sita, nyembamba kama mlango wa choo.
Juu, dari tupu. Katikati, keki. Chini, paka.
Na ukingoni, upande wa kulia, Mzee Kiyohiko
anacheka,
nusu ya sikio lake la kushoto imeliwa na mwisho wa picha.

"Aliipiga Wakana, mjukuu wetu. Ana miaka tisa.
Alitaka ijae kioo chote cha simu."

Nikanyamaza. Najua siri ya kile kidude.
Jicho lake la ndani si jembamba hivyo,
ni tatu kwa nne,
na usiku ule lilimwona mzee mzima,
sikio, bega, mkono ulioshika vijiti vya kulia.
Kisha, ili kumridhisha mtoto na kioo chake,
likapunguza kulia, likapunguza kushoto,
robo kamili ya lilichokiona
likaitupa
mahali pasipo na pipa la kupekua.

Sikumwambia. Ningesemaje?
Kwamba alionekana, halafu akaachwa?

Yeye ndiye aliyeniambia mengine.
Miaka arobaini mumewe alibeba kamera ya sanduku,
ya kuchungulia kutoka juu, shingo imeinama
kama mpishi anayeonja mchuzi.
Sita kwa sita, picha kumi na mbili kwa mkanda.
"Mraba hauna mtoto kipenzi," alikuwa akisema.
Shemeji yake, mwenye kamera ya mbili kwa tatu,
alimwuliza kila mwaka mpya kama bado anapiga picha za uchochoro.
Na televisheni pana ilipoingia nyumbani,
ikazivuta filamu za zamani zijaze kioo,
aliinuka akaizima:
"Watu hawa hawakuwa wanene!"

Albamu kumi na tisa.
Hayumo hata katika moja,
ila kivuli chake kwenye nyasi, mara mbili au tatu.

"Naweza kulikamilisha sikio," nilisema.
Programu siku hizi hubuni.
Nikabonyeza, likaota palepale,
laini, changa, kama lililotoka dukani.

Bibi akasogeza miwani.
"La nani hilo?"
"Lake. Karibu lake."
"Lake lilikuwa zito. Miaka kumi na moja
nikimwita upande huo nilikuwa naita ukuta.
Hilo lako linasikiliza."

Sikio halipiti kichwa, najua,
lakini sijawahi kuona kichwa
kikikataa sikio namna ile.
Nikalifuta.

Tukabaki na alichotuachia mtoto.
Nilikata dari, nilikata paka
(paka alimhurumia, akaomba nimchapie peke yake, ndogo),
mzee akabaki kando kabisa ya fremu,
kama abiria aliyemwachia mwenziwe nafasi kwenye benchi,
na kushoto kwa picha pakabaki wazi,
pana mwanga wa mishumaa tu.

"Imeenda upande," nilimwonya. "Watu watauliza."

Alikuwa anahesabu sarafu.
"Wacha waulize. Nitaweka mto wangu hapa,"
akagusa kioo, pale penye mwanga,
"upande anaosikia."

Alipoondoka niliiona leso.
Nilikimbia nayo hadi kona ya barabara.