Glavu ya Kushoto

Tuliifukua Machi, theluji ikingali kwenye mifereji ya paa,
chini ya magunia ya viazi, kibanda cha sungura kilichovunjika
na pazia la jikoni nililolijua utotoni.
Jawa. Mia mbili na hamsini.
Nyekundu, walisema. Mimi niliona rangi ya ini.

Miaka arobaini na mitatu. Panya walizaa ndani ya ekzosi,
wakazeeka, wakazikana humo humo.
Tairi zilikuwa zimegandamana na sakafu; tulipoivuta
ziliacha ngozi yao pale.

Radim wa kiwanda cha mbao aliigusa kwa ncha ya kiatu:
"Zbyněk, iuze kwa kilo."
Sikumjibu. Nilikwisha kushika spana.

Bolti ya kwanza ilikataa siku tatu.
Nikaipaka oili, nikaipasha moto, nikaitukana
kwa Kicheki cha baba, kile kisichofaa mezani.
Siku ya nne ikalia kwii,
ikaja.

Pistoni ilikuwa imeoana na silinda.
Nikamimina mafuta taa kwenye tundu la plagi, nikangoja.
Kungoja nako ni kazi ya fundi, ila haina ujira.
Tangi nikalijaza nati na changarawe,
nikalitikisa uani hadi majirani wakafunga madirisha;
likatapika uji wa kutu.
Kabureta nikaichemsha kwenye sufuria ya jamu ya plamu.
Mama hakusema kitu. Aliitazama sufuria tu.

Hadithi za pikipiki hii zilikuwa za baba, Otakar.
Kila Krismasi, samaki mezani, tulizila pamoja na miiba:
usiku ule wa barafu hadi Jihlava,
kona ya mtoni,
polisi aliyeachwa kashika kofia.
Sasa ana miaka sita makaburini,
na hadithi nilidhani nimezirithi.

Juni, nikafungua kisanduku cha zana chini ya kiti:
bisibisi, kitambaa, risiti ya petroli iliyofutika,
na glavu.
Moja. Ya kushoto. Ya ngozi, ndogo,
kidole cha shahada kimeshonwa kwa uzi wa buluu.
Ya mwanamke.

Nikainusa. Petroli tu.
Nikafikiri yale ambayo mwana hufikiri
juu ya baba asiyeweza tena kujitetea.
Nikaiweka mfukoni wiki nzima, kama kaa la moto.

Jumapili mama akafua ovaroli.
Akatoka na glavu mkononi, inachuruzika maji.
"Umeipata wapi? Naitafuta tangu uko tumboni."
Akaivaa. Ikagoma kwenye vifundo,
vidole vimevimba siku hizi,
lakini kile chenye uzi wa buluu kiliijua njia.

"Na baba?"
"Otakar? Alikaa nyuma. Kwenye kona alifumba macho.
Kusimulia ndiko alikokuweza, basi nikamwachia."
Akafuta mkono kwenye aproni.
"Halafu ukaja wewe, nikaiegesha. Wiki mbili tu, nilisema."

Nilirudi bandani
nikakaza nati iliyokuwa imekaza.

Septemba. Spoki mpya, betri ya volti sita,
petroli na oili, ishirini na tano kwa moja.
Nikapiga. Kimya.
Nikapiga. Kimya, na goti likaniuma.
Vlasta, miaka sabini na mmoja, kasimama na ndoo ya maganda:
"Wenzo ni huo huo wa gia. Usukume ndani kwanza,
ndipo uuinue. Na usiupige kama unadaiwa."
Nikasukuma. Nikainua. Nikashuka nao.

Pa.
Pa, pa.
Papapapapa, moshi wa buluu ukaupanda mplamu,
kuku wakatawanyika kila mmoja na dini yake.

Niligeuka nione machozi. Hakuna.
Katega sikio, kafumba jicho moja:
"Moto unawahi. Urudishe nyuma, unywele mmoja."

Nikachukua bisibisi.
Akatua ndoo.
"Lete hapa," akasema. "Na ile glavu."