Karani

Alfajiri, kabla ya chai yangu, namsimamisha kwenye mizani
ile ile ya kupimia unga.
Gramu mia nne na tatu.
Naandika daftarini, chini ya jana: mia nne na moja.
Mtu mzima, fundi wa saa wa Ngara, nafurahia gramu mbili
kana kwamba nimeokota pochi.

Alikuja shingo tupu, hajaota manyoya,
kichwa kikubwa, macho ya mtu aliyedhulumiwa shamba.
Kibali chake kiko ukutani, ndani ya fremu
iliyokuwa na cheti changu cha ufundi.
Daktari Jelimo alisema: uji uwe vuguvugu,
ujaribu kwenye kifundo cha mkono,
bomba la sindano pembeni mwa mdomo, polepole,
halafu umsubiri ameze.
Parachichi hapana. Chumvi hapana. Moshi wa makaa, hapana kabisa.
Basi jiko langu nikampa Kerubo wa ghorofa ya pili,
na Julai, Nairobi ilipojifunika wingu wiki nzima,
tukaota joto la balbu moja, mimi na yeye,
kijivu kwa kijivu,
mkia wake tu ukiwaka.

Somo la kwanza: Panda.
Kidole tumboni, juu kidogo ya miguu, sukuma taratibu.
Akipanda, punje ya alizeti.
Akiuma, usipige kelele; kelele kwake ni zawadi.
Nimejifunza kuumwa kimya kimya
kama mtu anayesikiliza hotuba ya mkwewe.
Makovu matatu, yote kidole cha shahada.
Siku ya nne akapanda mwenyewe,
akanishika
kama mtoto anavyoshika sarafu ya kwenda dukani.

Somo la pili ndilo nililoliogopa.
Lazima asemeshwe, alisema daktari,
asiposemeshwa atajinyonyoa.
Nami tangu darasa la tatu
maneno yangu hukwama mlangoni kama kitanda kipya.
Yanayoanza na K ndiyo mabaya kuliko yote.
Wenzako wanakariri kama kasuku, mwalimu aliniambia,
wewe hata ukasuku umekushinda.
Nikaenda kwenye saa. Saa haikuulizi kitu.

Na bado nikamwita Karani!
Fomu ilitaka jina, nikaandika,
kalamu haina kigugumizi.
Sikukumbuka kwamba jina huitwa pia.

Nikaomba sauti ya kukopa.
Mpwa wangu Wakesho akanirekodia kwenye simu,
Karibu mgeni, Karibu mgeni, laini kama hariri,
mara arubaini asubuhi, mara arubaini jioni.
Karani akajikuna.
Neno lake la kwanza lilikuwa mlio wa mita ya stima
tokeni zikikaribia kuisha.
Mara mbili nimenunua tokeni nikiwa na yuniti hamsini.

Halafu Alhamisi Bi. Mwakio akabisha,
saa ya ukutani kwapani,
na kabla sijavuta pumzi, kutoka tunduni:
Ka. Ka. Ka-ka. Karibu.
Mimi mtupu. Hata ule mpigo wa kiganja pajani
ninaousukumia neno,
yeye aliupiga kwa mdomo, tak.
Bi. Mwakio akatazama viatu vyake.
Nikamfunika Karani kwa kitambaa, mchana kweupe,
masikio yakinichoma.

Chini ya kitambaa akarudia.
Hakuharakisha. Hakuona haya.
Alikaa kwenye ile Ka kama mtu aliyefika kwake.

Kanuni ni moja: usichotaka kirudiwe, usikilipe.
Punje ilikuwa mkononi, imeshalowa jasho.
Nikafunua.

Siku hizi, mizani ikishasoma, namsalimu mwenyewe,
simu nimeizima.
Neno huchukua muda linaochukua.
Yeye huinamisha kichwa upande,
ananisubiri nimeze.

Leo mita imelia tukiwa katikati ya salamu.
Mita, au yeye.
Sikuinuka kuangalia.