Hodi ya Kisigino

Viatu hivi nilivinunua Karume, elfu thelathini na tano,
baada ya kuapa kwamba nina ishirini tu,
kuondoka hatua tatu, kuitwa, kurudi.
Soli nene kama godoro la wageni.
"Mama, na hivi hukimbii," muuzaji alisema, "unapaa."

Basi nikapaa. Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri,
kutoka Oysterbay hadi Daraja la Tanzanite,
wanawake kumi na mmoja wenye fulana za rangi ya chungwa,
Mwanahawa mbele na filimbi yake,
mimi wa nne kutoka mwisho.
Tulipoanza kuteremka,
tone.
Tone lingine.
Halafu si tone tena.

Nikainama, nikajifanya nafunga kamba.
Bahari ilikuwa pale pale, imejaa maji yake,
haimwonei mtu haya.
Nikafunga sweta kiunoni
nikasema paja limekaza.
Paja! Laiti kingekaza kitu chochote.

Jina langu Sikudhani. Mama alinipa kwa sababu zake,
mimi nalitumia kwa zangu:
sikudhani mtoto wa tatu, kilo nne na robo,
angetoka na ufunguo wa mlango.
Shangazi alisema ndio utu uzima, vaa nguo nyeusi.
Dada alisema ukipiga chafya, kunja miguu.
Mume hakuulizwa.

Upanga, chumba cha mazoezi ya viungo, feni moja.
Nsia Mmari, mdogo kuliko kitindamimba wetu,
alinitajia kitu nisichojua kuwa ni changu:
sakafu ya nyonga.
Akaichora nyuma ya risiti,
misuli imetandazwa kama machela,
juu yake kibofu, kizazi,
na yote tunayoambiwa tuyanyamazie.
Miaka tisa napiga deki sakafu ya benki.
Yangu hakuna aliyewahi kuniambia ipo.

Akanipandisha kwenye mashine ya kukimbilia,
waya umepita nisipopataja,
mstari wa kijani kwenye kioo.
Kwanza viatu vya Karume.
Kisha raba bapa za kuazima.
Kisha pekupeku, kama nilivyokimbia Temeke kabla sijaambiwa nikae vizuri.
"Tazama," akasema, "mstari unapanda
kabla mguu haujagusa chini.
Misuli haingoji kishindo. Inakisikia kikija."

Nikamkumbuka mama,
aliyejua nyayo za kila mtu pale kibarazani,
akaitikia karibu
kabla hodi haijatoka mdomoni.

"Kwa hiyo soli nene inaziba hodi?"
Nsia alicheka, kisha akaacha kucheka.
"Labda. Wapo wanaosema inapunguza kishindo.
Wapo wanaosema mguu usiposikia chini hutua kwa nguvu zaidi.
Waliopimwa ni wachache, na wengi wao hawajazaa.
Sitakudanganya kwa kiatu, dada."

Nililipenda lile labda.
Karume nzima huwezi kulinunua.

Kaza, hesabu mpaka nane, achia.
Na kuachia nako ni kazi.
Nakaza nikikamua tambara,
nakaza meneja akinieleza habari za nidhamu,
naachia akimaliza.
Hakuna anayeona. Mara ya kwanza naona raha
kufanya kazi isiyoonekana.

Wiki ya tisa nilirudi darajani na raba bapa.
Kwenye mteremko nikaitikia karibu mapema,
kila hatua, karibu, karibu,
mpaka chini, na bado tone moja likanipita.
Moja.
Safari hii sikuinama.
"Nimejikojolea kidogo," nikasema, kwa sauti ya kuomba maji ya kunywa.

Filimbi ilimdondoka Mwanahawa, ikaning'inia kifuani.
Akatazama nyuma, akatazama barabara,
kisha akafungua sweta
aliyokuwa ameifunga kiunoni
tangu Januari.